Mkate wa Mwashi

Nyumbani, 9 Februari

Mpinzani wangu,

Marahaba. Najua shikamoo yako iko njiani hata kama hujaiandika. Mimi sijambo. Goti la kushoto hulalamika asubuhi tu, likishapata jua linanyamaza. Paa halivuji. Paka amezalia watoto watatu ndani ya ndoo yangu ya lipu, kwa hiyo nimenyang'anywa ndoo. Baba yako alipita juzi na kilo mbili za sukari, anakusalimu na anasema uvae soksi.

Utaniwia radhi kwamba bado nakuita mpinzani. Bibi yako alikuita "mume wangu mdogo" mbele ya macho yangu, na kila kipande cha nyama laini kilikwenda kwenye sahani yako. Tangu Oktoba ametuacha wote wawili, na sioni wa kumwandikia habari za mapishi isipokuwa mgane mwenzangu.

Jambo lenyewe ni hili. Shangazi yako alikuja Jumapili. Alifungua chupa ya chai, akafunua sahani niliyoifunika pale sebuleni, akaniuliza, "Baba, unakula nini humu ndani?"

Nikamwambia nakula vizuri.

"Chai na mkate wa dukani asubuhi, mchana na jioni. Suruali umeifunga kwa kamba. Huko ndiko kula vizuri?"

Anataka nihamie kwake, ghorofa ya nne, na nyumba hii ipangishwe. Mimi ni mwashi, nimejenga maghorofa mengi, wala sijawahi kutamani kulala ndani ya hata moja. Nyumba hii niliijenga tofali kwa tofali, bibi yako akinichotea maji. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Mwisho tumekubaliana hivi: atakuja mwishoni mwa Julai akae siku tatu, ale kutoka mikononi mwangu. Akiondoka ameshiba, nabaki. Akiondoka na njaa, naondoka naye.

Ameniachia kijitabu cha mapishi cha watoto wanaoanza. Jaladani kuna msichana amevaa kofia nyeupe, anacheka. Anacheka kwa sababu anaelewa. Mimi maneno yake yananishinda. "Tia chumvi kiasi." Kiasi gani? Ningeandika hivyo kwenye mchoro wa nyumba, saruji kiasi, sasa hivi ningekuwa jela. "Kaanga hadi vilainike." "Acha ichemke kwa moto mdogo." Kuchemka ni kuchemka, mdogo unatoka wapi?

Wewe uko chuo cha upishi, ndiye mtaalamu wangu. Simu najua mmekatazwa. Nifafanulie kwa barua, polepole, kama unamweleza kibarua wa siku ya kwanza.

Babu yako

---

Chuoni, bwenini, 26 Februari

Babu mpinzani,

Shikamoo, na nyingine ya akiba kwa ile uliyoijibu kabla sijaitoa. Mimi mzima. Soksi nimevaa, mwambie baba. Kitanda changu ni cha juu, na wa chini yangu anakoroma kwa zamu na wa dirishani. Chakula tunashiba. Wape pole wale paka kwa kupangishwa ndoo bila madirisha.

Sasa maneno. Kuchemka ni pale maji yanaporukaruka na kifuniko kinapiga kelele. Moto mdogo ni pale vipovu vinapopanda kimoja kimoja pembeni, kama mtu anayejisemea peke yake. Maharage huanza na kelele, humalizia na kujisemea.

Vitunguu vikilainika huanza kuonyesha upande wa pili, kama karatasi iliyodondokewa na mafuta. Hapo bado havijageuka rangi. Kitabu kikisema viwe vya kahawia, utangoja zaidi, na usiondoke kwenda popote.

Kiasi maana yake anza na pungufu, onja, ongeza. Kuongeza kunawezekana, kupunguza hakuna. Ila kikiandika kijiko kimoja, ni kijiko kisicho na mlima juu. Pitisha kitu bapa, kilichozidi kirudi kwenye kopo.

Kukoroga mara kwa mara ni kugeuza mwiko hadi chini kabisa ya sufuria, kabla chakula hakijashika.

Unapikia jiko lipi? Lile la gesi la bibi linapandisha moto haraka, uwe mwangalifu.

Mjukuu wako, mume mdogo

---

Nyumbani, 17 Machi

Mpinzani wangu,

Barua yako imefika na mimi mzima, goti pia. Watoto wa paka wamefungua macho. Mmoja ana baka jeupe puani kama aliyechungulia unga.

Chumvi nimeipatia. Nilipitisha ruta, ule ubao wangu wa kunyooshea, juu ya kijiko kama ninavyosawazisha sakafu, kisha nikakilaza juu ya pimamaji, na kile kipovu kikakaa katikati kabisa. Sidhani kama kuna mwanadamu aliyewahi kutia chumvi iliyonyooka namna ile.

Maharage ya kwanza yaliungua. "Mara kwa mara" nilidhani ni kila nusu saa, kama tunavyokagua zege. Ya pili niliyakalia kwenye kigoda, nikayasikiliza. Yalipiga kelele, nikapunguza moto, yakaanza kujisemea kama ulivyoandika. Nilikula sahani mbili. Wali umenitoka kama uji, lakini uji mzuri.

Nilipokuwa naonja nilijikuta nimemimina mchuzi kwenye kiganja na kuulamba. Ndivyo alivyokuwa akifanya bibi yako. Nilikuwa nikimwambia, "Leo umepatia." Naye hujibu, "Kwani jana nilikosea?" Miaka arobaini na mmoja sikuwahi kulipatia jibu swali hilo.

Napikia kibandani, penye sepeto na mbao, kwa jiko la mkaa. Pana hewa nzuri.

Sasa nataka kupanda daraja. Shangazi yako alikulia kwenye mkate wa nyumbani, mama yake alioka kila Jumamosi. Nataka akija akute mkate. Kijitabu kina kurasa mbili za mkate na sijaelewa hata mstari mmoja.

Babu yako

---

Chuoni, 5 Aprili

Babu mpinzani,

Shikamoo. Huku tumepata mvua ya siku nne, nguo hazikauki, bweni zima linanuka soksi, na mwambie baba kwamba hilo ndilo alilolitaka. Nimefurahi kusikia sahani mbili. Nimewasomea wenzangu habari ya pimamaji, sasa wananiuliza kila siku babu amepima nini leo.

Mkate ni hivi. Kuchekecha unajua, ni kupitisha unga kwenye chekecheo ili mabonge na takataka vibaki juu. Hamira ni kitu chenye uhai. Inataka maji ya vuguvugu, yaani maji ambayo ukitia kidole hakilalamiki kwa baridi wala kwa moto, na sukari kidogo ya kula. Ikitoa povu, imeamka.

Kukanda ni kulisukuma donge kwa kiganja, kulikunja, kuligeuza, na kurudia. Kuumuka ni donge kupanda hadi kufikia mara mbili ya lilivyokuwa, likiwa limefunikwa mahali penye joto. Kuoka si kama kuchemsha. Joto linatakiwa lizunguke pande zote, juu na chini.

Mimi huku nakanda kila siku mpaka mikono inauma, ukinisalimia leo utadhani umeshika tofali.

Hujanijibu kuhusu jiko la gesi. Lina oveni, babu, ile ile iliyookea mikate ya Jumamosi.

Mjukuu wako

---

Nyumbani, 14 Mei

Mpinzani wangu,

Barua yako ilikawia sana, imenifikia imelowa kona moja na stempu ikining'inia. Sisi wazima. Paka wawili wamepata wenyewe, yule wa puani amebaki. Shangazi yako amepiga simu kuuliza kama nimeanza kufunga vitu. Nikamwambia laini mbaya.

Nimekwama kwenye mkate.

Kuchekecha nimefanya tangu nina miaka kumi na sita, mchanga au unga mkono ni ule ule. Kukanda nako si kugeni. Oveni nimejenga mwenyewe uani, tanuri la matofali lenye kichwa cha duara na mdomo wa kuingia karai. Siku tatu za kazi. Watu wanasimama nje ya ua kulitazama.

Donge likaumuka kama ulivyosema. Nilipofunua nikashtuka. Limejaa hewa, matundu kila mahali, ukiligusa linahema. Mjukuu wangu, zege lenye hewa ndani yake ni zege la kuua watu. Hilo ndilo somo la kwanza nililofundishwa. Nikachukua chupa nikalishindilia, nikaligonga pembeni, nikatoboa kila kipovu nilichokiona, mpaka likatulia. Kisha nikalifunika gunia bichi, nikalinyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku mbili, maana kitu kikikauka haraka kinapata nyufa.

Halina ufa hata mmoja. Nimeoka, nimeligonga kwa nyundo, limelia kama tofali lililoiva vizuri. Lingekuwa tofali ningelipokea kazini bila swali. Paka alilinusa akarudi kwenye ndoo. Nimerudia mara tatu, na kila mara nimeshindilia zaidi, na kila mara limekuwa gumu zaidi.

Julai inakuja. Wewe unayeoka kila siku, mkate wako ukiukata unaonekanaje ndani? Niambie kwa macho yako, si kwa daftari.

Babu yako

---

Chuoni, 30 Mei

Babu,

Shikamoo. Hapa sote wazima. Leo nitaruka habari za bweni kwa sababu nina neno limenikaa kooni.

Sijawahi kuoka mkate, babu. Hata mmoja.

Mwalimu wetu wa jikoni, tunayemwita Mizani, ana sheria yake: wa mwaka wa kwanza haruhusiwi kugusa unga mpaka afaulu mtihani wa maneno ya kazi. Wenzangu walifaulu Machi. Mimi na wengine wawili tulianguka. Tangu hapo namenya viazi na kusugua masufuria. Yote niliyokuandikia nilinakili ubaoni, na mengine niliyapamba. Mikono inayouma ni ya waya wa kusugulia masufuria. Uliniita mtaalamu wako, nikashindwa kukukatalia.

Uliposema nikuambie kwa macho yangu sikupata usingizi. Asubuhi nikampelekea Mizani barua yako. Niwie radhi kwa hilo. Alianza kuisoma amesimama. Alipofika kwenye gunia bichi alikaa chini. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akasema, "Mwambie huyo mzee anakiua kile kile anachokitafuta. Hewa ndiyo mkate. Hamira inaitengeneza, na kukanda kunaijengea kuta isitoroke. Mwashi hashindwi kuelewa kuta."

Halafu akanitupia aproni. "Kakande donge moja. Moja tu. Umjibu mwenye barua kwa haki."

Kwa hiyo sasa naandika nilichokiona. Mwanzoni linang'ang'ania vidole, unatamani kuongeza unga. Usiongeze. Baada ya kama dakika kumi linakuachia lenyewe, linakuwa laini kama ndewe ya sikio. Ukilibonyeza kwa kidole linarudi. Likishaumuka, ulikandamize mara moja tu kwa mkono mwepesi, ulipe umbo, uliache lipande tena, ndipo uoke. Siku hiyo hiyo. Usinyunyizie maji. Nilipoukata ulikuwa na matundu madogo kila mahali, na mvuke ukatoka ukanipiga usoni. Niliula wote mwenyewe, sikumpa hata wa chini yangu.

Umejua siri yangu, nami nina swali langu, na hii ni mara ya tatu. Kwa nini umejenga tanuri uani wakati oveni ya bibi ipo?

Mjukuu wako, si mtaalamu

---

Nyumbani, 22 Juni

Mpinzani wangu,

Marahaba sana. Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna mgonjwa. Kumbe miezi minne tulikuwa tunaulizana njia, na wote wageni. Sikukasirika. Nilipokuwa kibarua nilimwambia fundi wangu najua kupiga lipu ya dari, nikalala mwezi mzima na saruji kwenye nyusi. Msalimie Mizani. Mwambie zege na mkate tumeshaviachanisha.

Swali lako nilikuwa naliona. Nilikuwa nalipita kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala.

Ile Ijumaa kabla hatujampeleka bibi yako hospitali, alipima unga wa mkate wa kesho yake. Aliuweka kwenye bakuli la bluu, akaufunika kwa sahani, akaliacha mezani jikoni. Nimerudi peke yangu, nimeliona, nimefunga mlango wa jiko. Sikuingia tena. Sufuria nilizonazo kibandani nilizinunua. Niliona nikiuondoa ule unga, Jumamosi ile itakuwa imepita.

Ulipoandika umekaa usiku na neno kooni, nikaona aibu, mzee mimi kushindwa na mtoto kusema kweli. Jumanne nilifungua mlango. Mlango wenyewe ulikuwa umevimba, nikausukuma kwa bega. Nikainua sahani. Mpinzani wangu, fukusi walikuwa wameshakula karibu nusu. Wamezaliana humo, wamejenga, wana wajukuu. Nikasimama nikawatazama, nikasema, hata hawa wanakula unga wake wananenepa, mimi mwenye nyumba nimegoma.

Unga nimewapa kuku wa jirani. Bakuli nimeliosha. Mengine ya asubuhi ile nayaacha.

Mchana nikachekecha unga mpya humo humo kwenye bakuli, nikakanda mpaka likaniachia vidole. Likaumuka. Ilinibidi nikae juu ya mikono yangu nisiende kulishindilia. Mkate, niliouoka kwenye oveni yake, umekaa upande kidogo, nilijisahau nikaupiga bapa upande mmoja kwa mazoea, lakini ndani una matundu. Nimekula nusu, ungali moto, nimesimama kando ya meza ya bibi yako.

Babu yako

---

Chuoni, 4 Julai

Babu,

Shikamoo. Barua fupi, posta wanafunga. Nimefaulu. Swali la mwisho lilisema, "Eleza kuumuka kwa maneno yako mwenyewe," na mimi nikaeleza habari ya mwashi aliyeiogopa hewa. Mizani ameandika pembeni, "Sasa umeelewa," na Jumatatu nimeingia zamu ya oveni.

Nyongeza moja ya mtihani wako: mkate ukitoka, ugeuze uugonge chini kwa kifundo cha kidole. Ukilia wazi kama debe tupu, umeiva.

Shangazi akikuharakisha usikubali. Hamira haina shangazi.

Mjukuu wako

---

Nyumbani, 2 Agosti

Mpinzani wangu,

Marahaba na hongera. Nimeisoma barua yako kwa sauti, paka akiwa shahidi. Ila huo ugongaji wenu ni kichekesho. Kwetu kigae kikilia kama debe tupu kinang'olewa na fundi anakatwa mshahara.

Shangazi yako amekuja na ameondoka. Alikuja siku moja kabla, ili anikute sijajiandaa. Alibeba masanduku mawili matupu, makubwa, akayasimamisha mlangoni pale pa kuonekana. Nikamkaribisha, nikayazunguka, nikaenda kukaanga vitunguu.

Siku ya kwanza nilimpa wali na maharage. Wali ulichambuka. Alikula kijiko cha kwanza akanitazama, akala cha pili akaenda kuchungulia nyuma ya mlango wa jiko.

"Baba, umemficha nani?"

"Nani tena?"

"Aliyepika."

Nikamwonyesha mikono, ilikuwa inanuka vitunguu saumu. Alinusa kabisa, kama askari wa mpakani. Akakaa, akamaliza sahani.

Siku ya pili niliharibu. Nilikuwa nataka mkate uwe mzuri mno, nikauacha ndani muda mrefu, ukaungua chini. Nikautoa mweusi kama soli ya kiatu. Nilijua ndiyo basi. Niliyatazama masanduku, nikawa nawaza kitanda kitapitaje kwenye ngazi za ghorofa ya nne. Nikamwambia, "Mama, nimeuunguza." Akachukua kisu, akakata ule ukoko wa chini wote, akautupa, akapaka siagi kilichobaki akala. Alipofika katikati akaacha kutafuna.

"Mama alikufundisha lini?"

"Hakunifundisha. Nilikuwa nakula tu. Nimefundishwa na mtoto wa kaka yako."

"Mimi aliniita," akasema. "Kila Jumamosi aliniita nije nione anavyokanda. Nikawa namwambia kesho, mama. Nina kazi, mama."

Nilimmiminia chai.

Sasa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Asubuhi nikamwekea bakuli mbele yake, nikamwambia avue pete. Akasema hajui. Nikamwambia hilo ndilo sharti la kuanza. Alikanda kwa hasira mwanzoni, anasukuma kama anayegombana na mtu, machozi yanadondoka humo humo ndani. Nilimwacha. Chumvi nilikuwa bado sijatia, nikaamua kupunguza. Baadaye mikono ikatulia. Tukawa tunasikia tu meza inavyolia. Mwishowe akaniuliza, "Nitajuaje kama limetosha?" Nikamwambia alibonyeze. Akabonyeza, likarudi, akabonyeza tena bila sababu, kama mtoto.

Mkate wake umepanda kuliko wangu wowote. Imeniuma kidogo.

Jioni alivaa pete, akachukua masanduku yake. Nikamuuliza, "Umeshiba?" Akasema, "Baba, usinichokoze." Kuhusu kuhama hakutamka neno, nami sikumkumbusha. Alisema atakuja kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kukagua. Nikamwambia mkaguzi wa kweli haarifu siku. Sanduku moja limeondoka tupu. Lingine limeondoka na mkate wake, umefungwa kwa taulo langu, na lilikuwa zuri taulo lile.

Jana usiku amepiga simu. Anataka kuoka huko kwake, lakini anasema ghorofa ya nne upepo unapita jikoni kutwa, donge litaumuka kweli? Nimemwambia sijui, mimi naoka chini. Anwani yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Mjibu wewe, na safari hii ujaribu kwanza.

Babu yako